Mngurumo wa Mashine ya Jirani

Asubuhi hii nimejimwagia petroli kidogo kwenye glavu nikijaza mashine ya kuondoa theluji, na harufu yake imenirudisha Hässelby, kule Uswidi, mbele ya nyumba yetu, nikiwa bado msichana mdogo.

Theluji ilinifika magotini na ilikuwa bado inaanguka. Mama alikuwa akisafisha njia ya gari kwa beleshi pana, akihema, nami nikifagia ngazi. Nyuma ya ua nikasikia mashine ya mzee jirani yetu ikinguruma, kama kila asubuhi ya theluji.

"Mama, mzee ameshaanza kazi."

Mama akasimama, akasikiliza. "Mbona mimi sisikii kitu, mwanangu?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyozoea, kwamba inanguruma, tena karibu kabisa. Nikamvuta mkono hadi kwa jirani. Theluji ya pale ilikuwa tambarare, bila hata alama ya mguu. Mngurumo ukakatika ghafla. Mbele ya gereji palikuwa na tuta dogo, na juu ya tuta mama akaona ncha ya kofia.

Akatupa beleshi, akafukua kwa mikono, akamfunika mzee kwa koti lake, akapiga simu. Mzee alikuwa bado anapumua.

Alipotoka hospitali, mzee alituletea maandazi ya mdalasini, akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia nilisikia mashine yake.

"Lakini mimi nilianguka kabla sijafungua gereji kuitoa," mzee akasema.

Mama akanivuta karibu yake. Hakuna aliyeyagusa yale maandazi.