Adolphine na mashine za risiti za Baraka

Asubuhi hii Adolphine Asukulu amepiga magoti katika ofisi ya tiketi za boti, bandarini Baraka. Anabonyeza kitufe cha mashine ya risiti huku akiiwasha. Karatasi inatoka na herufi safi, nyeusi. Anaiunganisha mashine na kompyuta, nayo inatema alama zisizosomeka.

Nje, familia zilizokimbia mapigano ya upande wa Mboko zimeketi juu ya magodoro yao. Boti ya Kalemie iko tayari. Lakini maofisa wa bandari hawapokei tiketi za mkono tangu watu walipozighushi, boti ikajaa kupita kiasi.

“Mashine iko muzima,” anamwambia mwenye boti, Kassimu. “Inakosa pilote.”

Mzee Kassimu anakunja uso. “Mama Ado, boti yangu iko na kapiteni tangu zamani.”

Adolphine anacheka mpaka anajishika kiuno. Kisha anamweleza taratibu kwamba pilote ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na mashine. Kompyuta ya zamani, iliyokuwa na programu hiyo, ililowa maji ikafa. Hii mpya haiijui mashine.

Zamani angeipakua mtandaoni. Tangu vita vifunge barabara ya Uvira, mtandao nao umekatika, na kwenye flashi yake hakuna pilote ya aina hii.

Baraka ndiko alikozaliwa. Vita vya mwaka 1998 vilimkuta mdogo, akavushwa ziwa mgongoni mwa shangazi. Kompyuta alijifunzia kambini Nyarugusu, Tanzania, kwa mwalimu Isidore, darasa zima likigombania kibodi moja. Aliporudi, wengi walidhani bisibisi alizobeba ni za mumewe. Leo wenye maduka kutoka Lweba hadi Fizi hawamwiti fundi mwingine. Ila kazi imepungua: wiki nzima hupita na mteja mmoja tu, na Adolphine hushika jembe akalime mihogo.

Anatoka nje kupunga upepo, macho yanamwangukia Jamila, mwenye duka la dawa Mboko, amekumbatia furushi la kitenge. Ndani mna kompyuta na mashine ya risiti ya aina ileile. Adolphine mwenyewe ndiye aliyemfungia mashine hiyo dukani mwaka jana.

Wanaketi bega kwa bega. Betri ya Jamila inakaribia kuisha. Adolphine ananakili pilote, anaipeleka kwenye kompyuta ya Kassimu. Inakataa. Anafuta ile isiyofaa iliyowekwa awali, anazima, anawasha, anajaribu tena.

Tiketi ya kwanza inatoka na jina la Jamila, kila herufi mahali pake.

Kassimu anamwambia Adolphine naye apande, bila nauli. Lakini nyumbani, mama mkwe wa Adolphine hawezi tena kutembea. Anaomba nafasi hiyo apewe mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa.

“Mi nilikimbiaka nikiwa mutoto,” anasema. “Sasa iko bantu bananitegemea hapa.”

Kabla ya kupanda, Jamila anamwachia mashine yake, isije ikalowa ziwani. Adolphine ameshapanga la kufanya. Siku barabara itakapofunguka na Jamila kurudi, atachukua pikipiki hadi Mboko, aifunge upya juu ya kaunta ya Jamila, kisha akae palepale mpaka mteja wa kwanza apokee dawa na risiti yake.