Nyuki wa Buluu Jikoni kwa Susu

Harufu ya udongo mkavu ulioguswa na mvua bado hunikata maini. Nikiisikia tu, narudi Mwala, kwenye jiko la Susu, nyanya yangu, ambalo kuta zake za udongo zilikuwa zimetobolewa na nyuki wachimbaji.

Susu hakujaliwa mtoto. Alipofiwa na mumewe, akatoa mbuzi wa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, akamleta nyumbani mwake, kama desturi yetu Wakamba inavyoruhusu, ili apate watoto wa kuitwa wake. Mke huyo ndiye mama yangu. Mama alichimba matuta ya shamba lile, akabeba maji mgongoni hadi kamba ya mtungi ikamwachia mfereji kwenye paji la uso.

Mara chache sana, miongoni mwa wale nyuki wa ukutani, alitokea mweusi mwenye madoa ya buluu, mzuri kuliko leso ya Jumapili. Wenzake walirudi na miguu iliyojaa unga wa maua. Yeye alikuja na miguu mitupu, akangoja mwenye tundu aondoke, kisha akaingia. Nilimpenda kupita kiasi, na Susu akanicheka.

"Huyo ako na rangi tu," alisema. "Anataga kwa wenyewe. Mtoto wake anakula chakula ya mtoto wa nyumba, na wa nyumba anakufa."

Susu naye akafa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi pale Kimeu, shemeji yake wa Masii, ambaye sikuwahi kumwona ameshika jembe kwetu, aliposimama uani na wanawe.

"Wewe uliletwa kuzaa tu," alimwambia mama. "Mwenyewe ameenda. Hii shamba ni ya ukoo."

Mama alifunga matandiko yetu. "Mwenye nguvu mpishe," akasema, basi.

Njiani nilimuuliza, "Mama, kwani sisi ndio nyuki wa buluu?"

Aliendelea kutembea, mzigo mgongoni.

Jibu nimelipata ukubwani. Aliyengoja mwenye nyumba aondoke, akaja na miguu mitupu, ndiye yule aliyesimama uani. Lakini nilichelewa kumwambia mama. Mwaka jana tulimzika katika makaburi ya mjini Machakos, kwa sababu hatukuwa na shamba la kumlaza. Nilipokuwa nikimwosha uso, kidole changu kiliingia kwenye ule mfereji wa kamba, kikatulia humo.