Pyon ya Mwalimu Fusae

Katika bonde la Kurotani, kila aliyejua kucheza ngoma ya Obon, sikukuu ya kiangazi ya kuwakumbuka wafu, alifundishwa na Fusae, na asiyejua alikuwa amemkwepa. Alifundisha jioni za Julai katika ukumbi wa kijiji, wala hakuhesabu hatua. Alitamka tu vile vijineno ambavyo mtoto wa pale huvijua kabla ya kulijua jina lake. "Suru-suru," na miguu ikateleza sakafuni bila kuinuka. "Pyon," na watu wakaruka kama vyura. "Kururi," wakazunguka mara moja. Yoshimasa wa mashine ya mpunga, mtu mwenye mwili wake, alipewa neno la peke yake. "Wewe nenda noso-noso," Fusae alimwambia, yaani kama dubu aliyeshiba, na tangu siku hiyo akacheza bila aibu.

Mwezi wa Aprili Fusae alianguka jikoni akimenya vitunguu. Hospitalini wakasema ni mshipa mdogo wa kichwani uliopasuka. Alirudi akitembea vizuri, akila vizuri, na akimgombeza mkamwana wake Kanae kama zamani. Watu wakasema amepona.

Jioni ya kwanza ya mazoezi alisimama mbele yao, akasema, "Suru-suru."

Ukumbi mzima ukaruka.

Akarudia taratibu, kama anayesema na viziwi. Wakaruka tena, mbao za sakafu zikatikisika.

"Mnanichezea shere?"

"Mwalimu, si umesema pyon?" Yoshimasa alijibu huku akihema.

"Nimesema suru-suru."

Watu wakatazamana. Chizuru, msaidizi wake wa miaka mingi, akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, "Dada, hata sasa hivi umesema pyon."

Ikamjia Fusae kwamba Chizuru anaitaka nafasi yake na amekwisha kuwapanga wenzake. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimweleza Kanae jinsi alivyofanyiwa njama. "Eti nasema pyon, na mimi nasema suru-suru."

Kanae akaacha kufuta meza. "Mama, hayo maneno mawili uliyoyataja ni neno moja."

"Lipi?"

"Umesema pyon, halafu ukasema pyon."

Kanae akatoa simu, akamrekodi, akampa asikilize. Sauti ilikuwa yake, hata ule mkwaruzo wa mwisho ulikuwa wake. Neno halikuwa lake. Akaomba kusikia tena.

"Simu yako mbovu."

"Nimeinunua juzi, Mama."

Daktari alisema majina ya vitu yamesalimika, ila maneno ya mwendo ndiyo yamebadilishana nafasi, na huenda yakarudi, huenda yasirudi. Fusae hakumwelewa. Itakuwaje masikio yake mwenyewe yamdanganye? Akaanza kuuogopa mdomo wake. Akiomba chai, alimkodolea macho Kanae aone ataletewa nini. Ikaja chai, naye hakutulia.

Baada ya siku kadhaa Chizuru alikuja na kikapu cha matango. Fusae alimkaribisha kwa shingo upande.

"Simamia wewe mwaka huu. Si ndicho ulichotaka?"

"Nimejaribu jana, Dada. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Yoshimasa kakanyaga watu mpaka wengine wakaenda nyumbani." Chizuru akasukuma kikapu mbele. "Njoo useme lolote linalokuja. Tutatazama miguu yako."

Siku ya sherehe, giza lilipoanza kuingia, Fusae alipanda jukwaa la mbao katikati ya uwanja. Ngoma zikalia. Alisema alichosema, miguu yake ikaonyesha alichotaka, na duara likaenda vizuri. Kisha akaita kururi. Waliotazama miguu wakazunguka. Watoto, ambao walikuwa wamezoea kuyageuza maneno yake, wakaruka. Yoshimasa alianza kuzunguka, akabadili nia katikati, akakaa chini kwa kishindo. Ngoma zikanyamaza.

"Nimesema nini?" Fusae aliuliza.

"Kururi," Chizuru akajibu kutoka chini.

"Na nilitaka kusema kururi."

"Basi ulisema sawa, Dada. Sisi ndio tuliojiandaa kwa makosa."

Fusae alicheka mpaka akashika nguzo, machozi yakimtoka, na hakujua kama ni kicheko au ni kilio. Yoshimasa akainuliwa, wakaanza upya.

Kufikia majira ya theluji baadhi ya maneno yalikuwa yamerudi. Mengine yalirudi leo, kesho yakatoroka. Watoto hawakungoja, wao walikwisha kukubaliana kwamba pyon ni kuteleza, na waliteleza hata kwenye barafu ya barabarani wakilitaja. Julai iliyofuata binti mmoja mdogo aliteleza wakati wenzake wote wameruka. Fusae alifungua mdomo amrekebishe. Ila hakuwa na hakika ni neno gani alilokuwa ameita, na aliona vibaya kuuliza mbele ya watu. Akamtazama Chizuru. Chizuru naye alikuwa anamtazama yeye.

"Endeleeni," akasema Fusae.