Miezi Sita ya Shangazi Zaitun

Mwaka aliotimiza miaka kumi na sita, Mwanawetu alianza kutetemeka mikono. Akishika kalamu, mwandiko unakwenda upogo. Akibeba sinia, vikombe vinagongana hata wateja wanageuka. Kichwa kilimuuma kutwa, na moyo ulimdunda ovyo hata akiwa amekaa tu.

Alikuwa kidato cha pili pale Kibiti, akiishi kwa shangazi yake, Zaitun. Baba yake, Mzee Mshamu, mvuvi wa Maparoni, alimleta mwenyewe. "Dada, huyu asome tu," alisema, na Zaitun akaitikia. Lakini ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye sufuria kubwa alifungua hoteli barabarani, na malori ya Lindi na Mtwara yalilala Kibiti ili yawahi pantoni ya kuvukia mto pale Ndundu. Madereva walitaka supu na chapati kabla ya adhana ya alfajiri.

Basi Mwanawetu akawa anaamshwa saa tisa za usiku. Akande unga, asukume, achome, kisha akimbilie shule. Chakula chake mpaka alasiri kilikuwa kikombe cha chai ya rangi iliyojaa sukari. Netiboli, aliyoipenda kuliko chochote, aliiacha, maana akitoka shule vyombo vinamngoja. Darasani alisinzia, alama zake zikaporomoka, na kadiri zilivyoporomoka ndivyo hata ule usingizi mchache ulivyomkimbia.

Mzee Mshamu alikuja na kikapu cha samaki wakavu kuuliza kulikoni, shule wamemwandikia barua. Zaitun alimjibu pale pale hotelini, watu wanakunywa chai: "Kaka, mwanao anahangaika na wanaume. Atakosaje kusinzia darasani kama usiku halali nyumbani?"

Mzee Mshamu hakuuliza la pili. Alimzaba bintiye makofi mawili mbele ya madereva, akatema mate chini, akaondoka. Mwanawetu hakulia. Alimtazama shangazi yake akipanga samaki kwenye ungo, na toka siku hiyo hakuwaza hesabu wala jiografia. Aliwaza namna ya kumlipa.

Mara aliwaza kutia chumvi kwenye supu, mara kuchoma banda. Yote aliyaona madogo.

Wiki mbili baadaye alianguka hotelini na sufuria ya supu. Alipozinduka, Zaitun alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto ana shetani. Aliona afadhali shetani kuliko watu kuuliza binti huyu analala saa ngapi. Akaitwa Bi Sijaona, fundi wa kupunga mashetani kutoka Mkongo, na Ijumaa baada ya swala ngoma ikapigwa uani. Wanawake walijaa.

Mwanawetu alikalishwa kwenye mkeka, kafunikwa kaniki, ubani unafuka. Mikono yake ilitetemeka yenyewe, kama siku zote.

"Haya, mgeni," aliita Bi Sijaona. "Sema. Unataka nini?"

Chini ya ile kaniki, Mwanawetu akaona mlango umefunguka. Alivuta pumzi, akatoa sauti nzito asiyojua kama anayo.

"Nataka kiti changu, huyu binti niliyempanda, kilale! Kikisali isha kilale, kisiguswe mpaka adhana ya alfajiri."

"Taibu. Na nini tena?"

"Mchana kile wali na samaki. Chai ya rangi siitaki, inaniunguza! Jioni kikacheze mpira na wenzake."

Zaitun akasogea, kajifunga kanga mbili. "Ewe bwana, na chapati nani atapika?"

"Wewe! Kwa mkono wako, saa tisa za usiku, miezi sita. Ukimweka mtu, nahamia kwako. Na baba yake aitwe, ule uongo wako uutapike mbele yake, hapo hapo ulipousemea!"

Wanawake wakageuka kumtazama Zaitun. Kisha mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Uongo gani huo, Zaitun?"

Bi Sijaona alipomfunua kaniki na kumfuta jasho, alimwinamia sikioni. "Miezi sita," alinong'ona, "ningekuwa miye ningesema mwaka."

Mzee Mshamu aliitwa. Mbele ya madereva wale wale, Zaitun alisema, macho chini, kwamba mtoto hakuwahi kutoka nje usiku, alikuwa jikoni. Mzee Mshamu alimshika bintiye kichwa, midomo inamcheza, asipate neno. Mwanawetu hakumsaidia kulipata.

Alianza kulala. Siku za mwanzo aliamka saa tisa mwenyewe, moyo mbio, kisha akakumbuka na kujifunika tena. Alikula mchana, alicheza jioni hata miguu ikamuuma uzuri. Haukupita mwezi, mikono ikatulia. Kichwa kikaacha kuuma, na hesabu zikaanza kumwingia. Hapo ndipo hasira ilipompanda upya: kumbe dawa ilikuwa ndogo kiasi hiki, na alinyimwa.

Mwezi wa tatu Zaitun alikonda. Alisinzia mbele ya wateja, aliwagombeza madereva bure, aliungua mkono kwenye kikaango. Jioni moja alimfuata Mwanawetu akirudi mpirani.

"Mwanangu, moyo unanienda mbio hata nikikaa. Tazama mikono yangu. Hebu mwombe mwenzio anipunguzie."

Mwanawetu aliitazama ile mikono. Ilikuwa ikitetemeka hasa.

"Mie simjui, shangazi," alisema. "Akinipanda huwa sina habari."

Aliingia ndani akala wali wake, na hakumbuki chakula kingine kilichowahi kuwa kitamu vile.

Saa tisa za usiku wa kuamkia mtihani wa kidato cha pili, siku chache kabla ya miezi kutimia, alisikia hatua za Zaitun zikisimama mlangoni. Madereva walikuwa wengi siku hiyo. Hatua zikangoja, zikangoja, kisha zikarudi jikoni, na unga ukaanza kupigwapigwa kwenye kibao. Mwanawetu alisikiliza kidogo, akageukia ukutani, akalala.