Upinde wa Mwisho wa Mwishehe

Mdogo wangu Mwishehe wa Kerege, kabla macho hayajamwingia ukungu, alikuwa na upinde ambao mshale wake ulitoka shambani asubuhi, ukafika Vigwaza, ukaona hakuna nguruwe wa maana, ukarudi. Anayebisha akawaulize nguruwe.

Siku hizi anaona vivuli tu. Hata hivyo mwaka huu alikata mti wa mkole, akauchonga, akasema, "Huu ndio wa mwisho. Nataka niusikie ukilia mara moja tu, mkononi mwa Hamidu." Hamidu ni mwanawe wa pekee, anauza vinyago huko Dunda.

Kuupima aliniita mimi. Aliuning'iniza kwenye kigingi cha ukutani, akaivuta kamba yake chini polepole, nami nitazame mikono miwili ya upinde inavyopinda.

"Dada, leo usinitanie."

"Wa kushoto unainama kama bibi harusi. Wa kulia umekaza shingo kama mkeo, Mungu amrehemu."

Alicheka, akaukwangua wa kulia kwa kigae cha chupa. Akavuta, akakwangua tena. Akapitisha vidole kati ya kamba na mti, huku na huku, maana mimi haniamini. Adhuhuri ikaingia ndipo mikono yote ikapinda sawasawa, nikamwapia.

Hamidu akaja na bodaboda. "Shikamoo baba. Shikamoo shangazi." Akautoa upinde uani. Mwishehe akakaa kizingitini, sikio kalitega nje.

Tukasikia mashine ya kutobolea.

"Hamidu! Unafanya nini?"

"Matundu ya misumari, baba. Kuna hoteli wanautaka ukutani. Nimetoboa moja kila mkono, ukae sawa."

"Umeupiga kwanza?"

"Nipige nini, baba? Hili pambo."

Mwishehe akaupapasa, kidole kikamzama tunduni. Mti uliotobolewa pale ukiuvuta unakatika. Hakutukana, na mimi nilitamani atukane. Akaifungua kamba, akaiviringisha, akaitia mfukoni.

"Chukua mti wako."

Jana nikamwambia ule upinde umejing'oa ukutani hotelini, ukamchoma mgeni mshale wa kalio, akakimbia na sahani ya pweza mkononi. Zamani angeniuliza kalio lipi.

Akaitoa ile kamba mfukoni, akawa anaipikicha.

"Na mlio wake," akasema, "uliusikia?"