Ng'ombe Aliyeuzwa kwa Mdomo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikionekana nikielekea Machakos mjini, majirani huuliza kama kuna msiba. Kwa hivyo mke wangu aliposema atawania kiti cha wadi yetu hapa Kalama, nilimuuliza nani atakuwa anatembea.

"Mimi," akasema. "Wewe kaa na ng'ombe wako."

Nilikaa naye vizuri sana. Ni mweusi, wa maziwa, na ananijua kwa hatua. Lakini ada ya chama ilimeza akiba ya tangi la maji, fulana za kampeni zikameza pesa za mahindi, na wiki mbili kabla ya mchujo wa chama mke wangu akaanza kumtazama ng'ombe kwa jicho la mnunuzi.

"Huyo akienda soko, nafika hadi kijiji cha mwisho."

"Na chai?"

"Utakunywa ya rangi, kama mheshimiwa."

Shida ilikuwa binamu yangu, mwalimu wa kwaya. Naye alitaka tikiti ya chama hicho hicho. Ukoo mmoja, upande mmoja wa juu mlimani, wagombea wawili. Watu wa chini walikuwa na mtu wao mmoja tu.

Wazee wa ukoo wakaitisha kikao, kwetu, maana walijua kwingine sitaenda. Wakala mbuzi na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kisha mwenyekiti akafuta mdomo.

"Mkigawana kura zetu, yule wa chini atapita akipiga mluzi. Mmoja ateremke. Lakini hatutaki kumwaibisha mtu aliyejimaliza. Kila mmoja aseme ameuza nini. Aliyezama zaidi ndiye tutamsukuma."

Binamu akasafisha koo kana kwamba anaanzisha wimbo. Ameuza pikipiki. Ameuza mikaratusi yote. Amekopa kwa ushirika. Wazee wakaguna kwa huruma.

Mke wangu akataja tangi na mahindi, akaishia hapo. Niliona mabega yake yakishuka. Vijiji vingi alikuwa amevizunguka na viatu vilivyoachama mbele. Basi mimi, nisiyesema neno hata kanisani, nikasimama.

"Na ng'ombe," nikasema. "Tumeuza ng'ombe."

Mke wangu akanigeukia, mdomo wazi.

"Aah," mwenyekiti akasema. "Basi mama amezama zaidi."

Sasa, saa ya kukamua ilikuwa imefika, na yule hapendi kucheleweshwa. Akalia mara moja nyuma ya jikoni. Aliposikia bado tunaongea, akalia tena, kwa hasira.

Wazee wote wakageuza shingo kuelekea jikoni.

"Kijana," mwenyekiti akaniuliza, "huyo mnunuzi anaishi jikoni kwako?"

Binamu alicheka mpaka akashika nguzo. Mke wangu alicheka mwisho, huku akijipangusa macho, kisha akasimama.

"Nimeteremka. Lakini fulana zangu mtavaa. Mtazigeuza tu."

Siku ya mchujo upande wa juu wote ulipanga foleni na fulana zilizogeuzwa, mishono nje. Binamu alipita kwa kura chache, na mke wangu ndiye aliyekuwa wakala wake. Mimi nilipiga yangu mapema, nikarudi kukamua.

Uchaguzi ujao mke wangu anasema atasimama tena. Nimemwambia kwamba ng'ombe nitampeleka sokoni mimi mwenyewe, kwa miguu. Amesema ataamini akiniona nimevuka lango.