Kaburi la Baba Chini ya Baraza

Mama alinituma Kindu nikapalilie kaburi la baba. Nilikuwa nimeondoka huko nikiwa mdogo, nilipopelekwa kwa wajomba Kibombo, na nilichokumbuka ni kijiji cha wavuvi kando ya mto: vibanda vichache, migono ya kunasia samaki imeanikwa juani, na moshi wa kukaushia samaki uliotuwasha macho. Kaburi lilikuwa nyuma ya kibanda chetu, karibu na maji.

Mtumbwi ulipogota ukingoni nilimwambia mpiga kasia kwamba amekosea mahali.

"Njo hapa, mama. Njo Kindu," akasema, yaani ndipo penyewe, akateremsha mzigo wangu.

Mbele yangu palikuwa na nyumba kubwa za udongo zenye baraza pana. Wanaume wa kanzu walijilaza kwenye mikeka, wakinywa kahawa na kuutazama mto. Niliambiwa wafanyabiashara hupenda kupumzika pale baada ya safari, kwa ajili ya upepo. Nyuma yao watu walikuwa wameinama katika mashamba ya mpunga. Hao hawakuja kupumzika. Wengi waliletwa wamefungwa kamba.

Mwanamke aliyejitanda kaniki akanisogelea. "Karibu, mugeni. Unatafuta nyumba ya nani?"

Nikamtajia jina la baba. Akanishika kidevu, akanitazama sana. Alikuwa shangazi yangu. Nilimsalimu kwa lugha ya kwetu, naye akanijibu kwa Kiswahili.

"Kaburi liko wapi, shangazi?"

Akaonyesha nyumba kubwa kupita zote. "Iko pale, chini ya ile baraza. Walijenga juu yake. Hawakujua, na sisi hatukusema."

"Uongo," akasema jirani yake, mvuvi aliyekuwa akisuka mgono. "Mto ulikula ukingo wote ule. Kaburi lilikwenda na maji."

"Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" akauliza shangazi.

"Hapa hapa. Na wewe?"

Wakabishana kana kwamba sipo.

Mwenye nyumba ile kubwa akasikia sauti zetu tu, maneno hayakumfikia. "Karibuni, musisimame juani," akaita. Alinitandikia mkeka mwenyewe, akanimiminia kahawa. Upole wake ulinivuruga zaidi. Nimshukuru, au nimwambie amenikalisha juu ya baba yangu? Na kama si kweli? Nilikunja miguu isiguse sakafu, nikaona haya, nikaishusha tena.

"Kahawa ni chungu?" akauliza, maana machozi yalikuwa yananitoka.

"Hapana, bwana. Ni nzuri."

Nilipoaga niliteremka hadi ukingoni, nikaanza kung'oa majani yaliyoota pale, sijui nang'olea nani. Watu wa kwenye mikeka walinitazama. Shangazi alisimama kidogo nyuma yangu, kisha akaifunga kaniki yake kiunoni, akainama, akang'oa pamoja nami, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema nami kwa lugha ya kwetu. Alisema tu kwamba udongo ni laini.